Kutafuta Hitilafu katika Mtambo wa Diski wa Kuongozea Motokaa

Utangulizi

Motokaa nyingi zilizotengenezwa Japani, Ulaya na Marekani katika miaka ya 1990 na miaka ya 2000 zilifungwa kiwandani chombo cha kuongozea njia. Chombo hicho humwonyesha dereva ramani ya barabara kwenye kioo kilichomo katika dashibodi, pamoja na alama ya mahali gari lilipo. Ramani yenyewe imehifadhiwa katika diski ya CD au DVD, na diski husomwa na mtambo mdogo uliofichwa nyuma ya kioo hicho, chini ya kiti, au ndani ya buti. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na simu za mkononi na kumbukumbu zisizo na kitu kinachozunguka. Hata hivyo magari yenye diski bado yako barabarani, na mtambo wa diski, kwa kuwa una sehemu zinazosogea, ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika mapema.

Makala hii ina shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza namna mtambo huo unavyosoma ramani. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa zaidi, ni kuonyesha njia ya kisayansi ya kutafuta hitilafu. Ndani ya kijisanduku kile mna mwanga, sumaku-umeme, mwendo wa duara na msuguano, mambo ambayo mwanafunzi wa sekondari huyasoma katika vitabu vyake vya fizikia. Mtu anayeujua mfuatano wa kazi za mtambo anaweza kuitambua sehemu iliyoharibika kabla hajashika bisibisi. Asiyeujua hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, na kila kubahatisha kuna gharama yake. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa gharama hiyo, kama nitakavyoeleza.

Kwa nini diski inahitajika

Wazo la kumwongoza dereva kwa chombo lilianza kabla ya diski. Mwaka 1981 kampuni ya Honda ilitoa huko Japani chombo kilichoitwa Electro Gyrocator, kilichotumia jairoskopu ya gesi ya heli na ramani zilizochapwa kwenye karatasi angavu. Mwaka 1985 kampuni ya Etak ya California ilianza kuuza chombo kilichohifadhi ramani katika kanda za kaseti. Mwaka 1987 Toyota ikaweka ramani za CD katika gari lake la Crown, na mwaka 1990 gari la Eunos Cosmo la Mazda likatoka likiwa na chombo kinachopokea ishara za setilaiti za GPS.

Watu wengi hudhani kwamba setilaiti ndizo zinazoleta ramani. Sivyo. Setilaiti za GPS hutuma ishara za saa na habari za mahali zilipo zenyewe, basi. Chombo kinapopokea ishara za setilaiti nne au zaidi, hukokotoa latitudo, longitudo na kimo cha mahali kilipo. Gari likiingia katika handaki ambamo ishara hazifiki, chombo huendelea kukadiria mahali kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu na kwa kutumia jairoskopu inayopima jinsi gari linavyokata kona. Matokeo ya kazi yote hiyo ni tarakimu tu. Ili tarakimu hizo ziwe barabara, mto au mji, hapana budi zilinganishwe na ramani iliyomo katika diski. Mtambo wa diski ukifa, chombo kinajua kiko latitudo gani, lakini hakijui kiko barabara gani.

Maandishi ndani ya diski

Diski ya DVD ina kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Imetengenezwa kwa sahani mbili za plastiki angavu, kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.6, zilizogandishwa pamoja. Tabaka lenye habari, lililopakwa madini yanayoakisi mwanga, limo katikati ya sahani hizo. Habari zimeandikwa kwa vishimo vidogo sana vilivyopangwa katika njia moja inayozunguka kutoka ndani kwenda nje. Umbali kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine ni mikromita 0.74, yaani chini ya elfu moja ya milimita. Kishimo kifupi kabisa kina urefu wa mikromita 0.4.

Hebu tukokotoe urefu wa njia hiyo. Sehemu yenye habari huanza milimita 24 kutoka katikati na huishia milimita 58. Eneo lake ni π(58² − 24²), yaani milimita za mraba 8,760 hivi. Tukiligawanya kwa upana wa njia, ambao ni milimita 0.00074, tunapata milimita milioni 11.8, yaani kilomita 11.8. Njia ndefu kiasi hicho imekunjwa ndani ya sahani inayoenea katika kiganja.

Kishimo husomwa kwa mwanga wa leza. Leza ya DVD ina urefu wa wimbi wa nanometa 650 hewani, nao ni mwanga mwekundu. Ndani ya plastiki mwanga huenda polepole zaidi, na urefu wa wimbi hupungua kuwa kama nanometa 420. Kina cha kishimo kinakaribia robo ya urefu huo. Basi mwanga unaoingia kishimoni na kurudi husafiri karibu nusu wimbi zaidi ya mwanga unaoakisiwa na uwanda wa pembeni. Kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la wimbi jingine, na mwanga unaorudi hufifia. Kila mpaka baina ya kishimo na uwanda husomwa kama 1, na pasipo mpaka husomwa kama 0.

Kichwa cha leza

Sehemu inayofanya kazi hii huitwa kichwa cha leza. Ndani yake mna diodi ya leza, kioo kinachopitisha mwanga upande mmoja na kuugeuza upande wa pili, lenzi ndogo inayoelekea diski, na kipokea mwanga. Kichwa chote hupanda juu ya reli mbili za chuma, na mota ndogo yenye gia hukisogeza kutoka ndani ya diski kwenda nje na kurudi.

Kazi ngumu ni kuiweka lenzi mahali pake. Fokasi ya mwanga lazima iangukie juu ya tabaka la vishimo, na kosa lisizidi mikromita moja hivi. Lakini diski haijanyooka kabisa, hivyo inapozunguka ukingo wake huweza kupanda na kushuka kwa sehemu ya milimita, yaani mamia ya mikromita. Kwa hiyo lenzi hutundikwa kwa nyaya nyembamba na kuzungukwa na koili zilizo katikati ya sumaku. Mkondo wa umeme ukipita katika koili moja, lenzi hupanda au kushuka. Ukipita katika nyingine, lenzi husogea kando kufuata njia ya vishimo.

Lenzi hujuaje ipande au ishuke? Kipokea mwanga kimegawanywa robo nne, tuziite A, B, C na D kwa kuzunguka. Mwanga unaorudi hupitishwa katika lenzi ya silinda, ambayo hulipotosha doa la mwanga makusudi. Fokasi ikiwa sahihi, doa huwa duara na robo zote hupata mwanga sawa. Diski ikikaribia, doa hurefuka kuelekea A na C. Ikienda mbali, hurefuka kuelekea B na D. Chombo hukokotoa (A + C) − (B + D). Jibu likiwa sifuri, lenzi hubaki ilipo. Likiwa chanya au hasi, mkondo hupelekwa katika koili hadi jibu lirudi kuwa sifuri. Mwanafunzi ataona kwamba hapa mtambo hujisahihisha wenyewe, tena maelfu ya mara kwa sekunde.

Vumbi la diski na vumbi la lenzi

Hapa pana jambo ambalo fundi anapaswa kulielewa vizuri. Mwanga unapoingia katika uso wa diski bado haujakusanyika. Hapo upana wake ni kama nusu milimita, na hupungua hadi kama nusu mikromita unapofika kwenye vishimo. Chembe ya vumbi iliyo juu ya diski huzuia sehemu ndogo tu ya mwanga, tena kwa muda mfupi, kwa sababu diski inazunguka na chembe hupita.

Vumbi lililo juu ya lenzi halipiti. Liko palepale kwa kila kishimo kinachosomwa. Utando mwembamba wa moshi wa sigara, mvuke wa plastiki ya dashibodi au vumbi la barabarani hupunguza mwanga unaokwenda na tena ule unaorudi. Dereva huifuta diski mara kumi bila mafanikio, kumbe uchafu upo mahali asipopaona.

Isitoshe, diski imepewa kinga dhidi ya makosa madogo. Mwaka 1960 wanahisabati Irving Reed na Gustave Solomon walichapisha njia ya kuandika habari pamoja na tarakimu za ukaguzi. Fikiria mwalimu aliyeandika alama za wanafunzi katika jedwali, akaweka jumla ya kila mstari na ya kila safu. Alama moja ikifutika, inaweza kupatikana tena kwa kutoa. DVD hutumia hesabu za juu zaidi za aina hiyo. Habari hupangwa katika jedwali la mistari 192 na safu 172, kisha huongezwa tarakimu za ukaguzi hadi jedwali liwe la mistari 208 na safu 182. Kwa hiyo takriban baiti 13 katika kila 100 si ramani, bali ni ulinzi wa ramani.

Kinga hiyo ina mpaka wake. Mkwaruzo unaokatiza njia hugusa vishimo vichache katika kila mzunguko, na makosa hayo husahihishwa. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta vishimo vingi mfululizo, na jedwali hushindwa. Ndiyo maana diski hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wala haifutwi kwa kuzungusha.

Mfuatano wa kazi

Mtambo unapowashwa hupitia hatua kwa utaratibu. Katika mitambo mingi hatua ni hizi:

1. Umeme unaingia na chombo kinajikagua.
2. Diski inavutwa ndani na kubanwa juu ya mota ya kuzungusha.
3. Kichwa kinarudi upande wa ndani hadi kigonge swichi ya kikomo.
4. Leza inawaka, na lenzi inapanda na kushuka kutafuta fokasi.
5. Diski inaanza kuzunguka.
6. Lenzi inashika njia, na chombo kinasoma orodha ya yaliyomo.
7. Kichwa kinasogea hadi mahali ilipo ramani inayotakiwa.

Kila hatua hutegemea iliyotangulia. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi lisiwe "kimeharibika nini?" bali liwe "kimefika hatua ya ngapi?" Jibu hupatikana kwa masikio na macho.

Pasipo dalili yoyote ya uhai, chunguza fyuzi, plagi na nyaya. Diski ikikataa kuingia au kutoka, tazama gia, springi na vipande vya plastiki vilivyovunjika. Mota ya kichwa ikinguruma bila kichwa kufika mwisho, au kichwa kikigonga ukutani mara kwa mara, shuku reli au swichi ya kikomo. Lenzi ikipanda na kushuka mara tatu nne kisha mtambo ukaacha, shuku lenzi chafu au leza dhaifu. Diski ikizunguka kwa kusitasita, shuku mota yake. Orodha ikisomwa lakini ramani ya baadhi ya maeneo haitokei, shuku reli, utepe wa nyaya unaojikunja kila kichwa kinaposogea, au diski yenyewe. Hitilafu ikitokea gari likipita kwenye makorongo tu, shuku viungo vya lehemu vilivyopata ufa, plagi iliyolegea, au mipira ya kupunguza mtikisiko iliyochakaa.

Kabla ya yote hayo, jaribu diski nyingine ya aina ileile ambayo inajulikana kuwa nzima. Hili ni jaribio la kulinganisha. Linachukua dakika moja, na linaigawa hitilafu katika mafungu mawili: ya diski au ya mtambo.

Kosa langu

Mwaka 2012 nilikuwa Uingereza nikisomea shahada ya udaktari katika fizikia ya mwanga. Nilinunua gari kuukuu lenye chombo cha kuongozea njia, ambacho mtambo wake wa DVD ulikuwa ndani ya buti. Majira ya baridi yalipokaribia, kila asubuhi kioo kilisema kwamba diski haisomeki. Alasiri kilisoma bila taabu. Kituo kimoja cha matengenezo kilinishauri kununua mtambo mzima, kwa bei iliyokaribia nusu ya bei ya gari.

Nilikataa, nikaufungua mwenyewe. Kwa kuwa nilikuwa nikifanya kazi na leza kila siku, nilikwisha kuamua kwamba leza ndiyo iliyochoka. Kando ya kichwa pana kipingamizi kidogo kinachogeuzwa kwa bisibisi, ambacho hupanga nguvu ya leza. Nilikigeuza kidogo. Kesho yake diski ikasomeka asubuhi, na kesho kutwa vilevile. Nilifurahi kupita kiasi. Sikutia maanani kwamba juma lile hali ya hewa ilikuwa ya vuguvugu kuliko majuma yaliyotangulia.

Baridi iliporudi, hitilafu ilirudi nayo. Nikakigeuza tena, zaidi. Baada ya siku chache mtambo haukusoma asubuhi wala alasiri. Diodi ya leza ikipewa mkondo uliozidi kiasi huungua katika uso wake wa kutolea mwanga, na haina dawa. Nilinunua kichwa kingine kutoka kwa muuza vipuri vya magari yaliyobomolewa, nikakifunga. Kilisoma vizuri jioni ile. Asubuhi iliyofuata, yenye baridi, kioo kikaniambia maneno yaleyale.

Ndipo nilipoketi na karatasi, jambo nililopaswa kulifanya mwanzoni. Niliandika: leza imebadilishwa, dalili haikubadilika, basi leza haikuwa chanzo. Dalili hufuata halijoto. Ni sehemu gani ambayo haikubadilishwa, na ambayo hubadilika kwa baridi? Asubuhi moja nilikwenda kwenye buti kabla sijawasha gari, nikakifungua kifuniko, nikaigeuza gia ya kusogeza kichwa kwa kidole, bila umeme wowote. Ilikuwa nzito, na mahali fulani iligoma kabisa. Alasiri niliigeuza tena, ikateleza. Katika jaribio hilo leza haikuwa na nafasi ya kulaumiwa, maana haikuwashwa hata kidogo. Grisi ya reli ilikuwa imezeeka na kukauka. Ikipata baridi iliganda, na kichwa hakikufika kwenye swichi ya kikomo. Niliifuta, nikapaka nyingine kidogo, na hitilafu haikurudi tena muda wote niliokuwa na gari lile.

Makosa yangu yalikuwa matatu. Nilianza na sehemu niliyoipenda kuifikiria, badala ya sehemu iliyoonyeshwa na dalili. Nilibadilisha kitu kabla ya kupima. Na nilichukua matokeo ya siku chache kuwa uthibitisho, hali kigezo cha pili, yaani halijoto, kilikuwa kimebadilika bila kukitazama. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akifanya hivyo katika maabara, mwalimu humpunguzia alama, na ni haki.

Namna ya kutengeneza

Kabla ya kufungua dashibodi, toa waya wa hasi wa betri, na usubiri muda ulioelezwa katika kitabu cha gari, kwani nyaya za mifuko ya hewa ya usalama hupita karibu na hapo. Ikiwa chombo kina nambari ya siri, hakikisha unayo. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme-tuli mwilini. Kamwe usitazame ndani ya lenzi mtambo ukiwa na umeme. Leza ya CD, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 780, huwa karibu haionekani kwa macho, lakini inaweza kudhuru jicho.

Lenzi isafishwe kwanza kwa hewa kutoka kipulizio cha mpira. Usiipulize kwa mdomo, kwani mate hufika. Uchafu ukibaki, lowesha kidogo kijiti chenye pamba kwa alkoholi ya isopropili, uizungushe juu ya lenzi bila kukandamiza, kwa sababu lenzi imening'inia kwa nyaya nyembamba mno. Usitumie asetoni wala petroli, kwani lenzi nyingi ni za plastiki.

Reli zifutwe kwa kitambaa chenye alkoholi hiyohiyo hadi grisi yote ya zamani itoke. Kisha paka grisi nyepesi isiyodhuru plastiki, kiasi cha utando tu. Mafuta ya injini na ya kupikia hayafai, kwani hutiririka hadi kwenye lenzi na kukamata vumbi. Utepe wa nyaya uvuliwe, utazamwe kwenye mikunjo, na urudishwe kwa uangalifu. Viungo vya lehemu vilivyopasuka vichomwe upya. Kipingamizi cha leza kiachwe kama kilivyopangwa kiwandani.

Fanya badiliko moja, kisha jaribu. Andika ulichofanya na ulichokiona. Ukifanya mabadiliko matatu kwa pamoja na mtambo ukapona, hutajua ni lipi lililouponya.

Hali ya kwetu

Katika Afrika ya Mashariki magari mengi yaliyotumika huletwa kutoka Japani, na mengine huja yakiwa na chombo hiki pamoja na diski yake. Ramani ya Japani haimsaidii dereva wa Morogoro wala wa Nakuru, na wengi huitupa. Lakini katika baadhi ya vyombo hivi programu inayokiendesha chombo chenyewe huwa imo katika diski hiyo. Betri inapotolewa kwa matengenezo, kumbukumbu hupotea, na kioo huomba diski kwa maandishi ya Kijapani. Pasipo diski, au diski ikiwepo lakini mtambo haisomi, redio iliyomo katika chombo hichohicho nayo hunyamaza. Basi diski itunzwe, na mtambo wake usidharauliwe.

Kwetu adui si baridi. Ni vumbi, joto la gari lililoegeshwa juani, na mtikisiko wa barabara mbovu. Joto hukausha grisi, vumbi huingia katika lenzi, na mtikisiko hupasua lehemu. Dalili zitatofautiana na zile za Uingereza, ila maswali ya kutafutia chanzo hayatofautiani.

Jaribio la darasani

Mwalimu asiye na motokaa ya kufungua anaweza kufanya jaribio hili kwa diski moja ya CD, moja ya DVD, tochi ya leza nyekundu na kadi nyeupe.

Toboa tundu dogo katikati ya kadi. Simamisha kadi sambamba na uso wa diski, kwa umbali L wa sentimita 20 kwa CD na sentimita 5 kwa DVD. Pitisha mwanga wa leza katika tundu uigonge diski kwa pembe ya mraba, mahali palipo kati ya kitovu na ukingo. Kando ya tundu yatatokea madoa ya mwanga juu ya kadi. Pima umbali x kutoka tunduni hadi doa la kwanza. Pembe θ hupatikana kwa tan θ = x/L, na nafasi d baina ya mizunguko hupatikana kwa d sin θ = λ.

Tochi ya nanometa 650 itatoa x ya karibu sentimita 9 kwa diski zote mbili, ingawa umbali L ni tofauti. Kwa CD pembe ni kama digrii 24, na d ni mikromita 1.6. Kwa DVD pembe ni kama digrii 61, na d ni mikromita 0.74. Hivyo wanafunzi wataweza kupima kwa rula kitu kisichoonekana kwa macho. Mwalimu ahakikishe kwamba hakuna anayeelekeza leza, wala mwanga wake ulioakisiwa, kwenye jicho la mtu.

Maswali ya kujipima

1. DVD husomwa kwa mwendo wa mita 3.49 kwa sekunde juu ya njia ya vishimo. Kokotoa mizunguko ya diski kwa dakika kichwa kinapokuwa milimita 24 kutoka katikati, na kinapokuwa milimita 58. (Majibu: kama 1,390 na 575.)
2. Kwa mwendo huohuo, itachukua muda gani kusoma njia yote ya kilomita 11.8?
3. Eleza kwa nini alama ya kidole juu ya diski inaweza isizuie kusomeka, hali utando mwembamba juu ya lenzi unazuia.
4. Mtambo mmoja husoma vizuri gari likiwa limesimama, lakini hushindwa likipita barabara ya makorongo. Taja vyanzo vitatu vinavyowezekana, na kwa kila kimoja pendekeza jaribio litakalokithibitisha au kukikanusha.
5. Fundi amebadilisha kichwa cha leza, akasafisha reli na kuchoma upya lehemu, vyote siku moja. Mtambo umepona. Je, anaweza kusema kwamba leza ndiyo iliyokuwa mbovu? Toa sababu za jibu lako.